Albano na Roshani ya Bagaimu

Miaka ile baada ya vita vya pili, mtu akifika Buguruni akauliza fundi seremala yuko wapi, alielekezwa kwa Albano Mchopa bila kuulizwa anamtaka seremala gani. Kibanda chake cha kazi kiliegemea ubavu wa nyumba yake, kimeezekwa kwa makuti, na harufu ya mbao iliyorandwa ilikufikia kabla hujaiona nyumba yenyewe. Vitanda vingi vya Buguruni vilitoka mikononi mwake. Alikuwa na milango yake huko Temeke, na shule moja ya Kinondoni ilikalia madawati yake.

Kazi yake ilisifiwa, ila ilichekwa kidogo. Pale fundi mwingine alipotia skrubu nne, Albano alitia nane. Alimaliza kiti, akakikalia mwenyewe, akakirukia, kisha akamwita jirani mnene akikalie naye.

"Mzee Albano," wateja walimwambia, "unanitengenezea kitanda au daraja?"

Yeye alitabasamu tu na kuendelea kukaza. Hata mkewe, Margareta, aliyeishi naye miaka ishirini na sita, hakujua sababu. Alidhani ndivyo alivyofundishwa na mapadri.

Na kweli mapadri ndio waliomfundisha. Albano alikuwa mtu wa kusini, Mmwera. Njaa iliyofuata vita vya Majimaji iliwamaliza wazazi wake, naye akaokotwa na misheni akiwa na miaka kumi na mitatu hivi. Misheni walimpa jina, wakampa na randa. Alipofika miaka kumi na saba mkono wake ulikuwa umekwisha kuwa mkono wa fundi, akaandikwa kazi ya mbali, huko milima ya Usambara, ambako Mjerumani mmoja alikuwa anajenga hoteli.

Habari hizo watu wa Buguruni walizijua juu juu. Yaliyotokea huko mlimani hakumwambia mtu, mpaka ile siku ya Septemba mwaka 1949 alipokuja Revelian.

Revelian alikuwa kijana wa Bukoba, karani katika duka la samani mjini. Duka lilipopata oda kubwa lilimgawia Albano sehemu ya kazi, na Revelian ndiye aliyeleta karatasi kwa baiskeli yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeniletea nini?"

"Viti arobaini vya mninga, vya kukaa nje, vyenye mikono. Katikati ya Novemba viwe tayari, maana vina safari ndefu. Ni vya hoteli huko juu ya Lushoto. Ilifungwa miaka mingi, sasa kuna Mwingereza ameinunua anaifufua. Jumamosi ya kwanza ya Desemba anaifungua kwa karamu na dansi. Hivi viti ni vya roshani."

Albano aliweka randa chini. "Hoteli hiyo inaitwaje?"

Revelian alisoma karatasi. "Bergheim. Wenyeji wanasema Bagaimu."

Revelian alisimulia baadaye kwamba mzee alikaa juu ya rundo la maranda kama mtu aliyekatwa mishipa ya miguu, akawa anauangalia mchanga. Revelian akamwita Margareta amletee mzee maji. Mzee aliyashika yale maji asinywe. Akasema, "Kazi nimeipokea. Waambie nimeipokea." Kisha akaingia ndani akajilaza, na jua bado liko juu.

Margareta alimwacha kidogo, halafu akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba Bernadeta, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi sema. Mtu haanguki kwa habari ya viti."

Ndipo Albano akamwambia.

Hoteli ya Bagaimu ilijengwa kwa miaka miwili, juu ya bonde ambalo asubuhi lilijaa ukungu mpaka ukadhani ni maziwa. Ilikuwa na vyumba thelathini na meko katika kila chumba, na kinanda kilichopandishwa kutoka Mombo, chini ya mlima, mabegani mwa watu ishirini na wawili. Fahari yake ilikuwa roshani. Ilitokeza nje ya ukuta wa mawe, juu ya bonde, ndefu kama kanisa, ikibebwa na boriti kumi na mbili za mkulo, mti wa mlimani mgumu wenye harufu nzuri. Kila boriti ilitakiwa ishikwe ukutani kwa bolti nene la chuma. Hayo mabolti yaliagizwa Ulaya.

Msimamizi wa ujenzi aliitwa Hofmann. Vibarua walilikata jina lake wakamwita Bwana Hofu, na lilimfaa, kwa kuwa viboko vyake havikuwa na hesabu. Hoteli ilipaswa kufunguliwa siku ya kuzaliwa Kaisari wa Wajerumani, mwisho wa Januari 1912, na wageni walikwisha kualikwa. Wiki mbili kabla, mzigo wa chuma ulifika na mabolti matano tu. Bwana Hofu hakutaka kumwambia mwenye hoteli. Alimwita Albano pamoja na mwenzake Mfaume, Mzigua aliyekuwa akimshikia kazi, akawaamuru wachonge vigingi saba vya mti, vichwa vyake vifanane na nati, wavipigilie, kisha wavipake rangi nyeusi ili kutoka chini vyote vionekane chuma.

"Alisema tutabadilisha baadaye," Albano alimwambia mkewe. "Nami nikachonga vizuri, Margareta. Nilikuwa kijana, nikaona sifa kuchonga mti ukawa kama chuma. Siku ya karamu nilisimama nyuma ya jiko nasikiliza miguu yao ikicheza juu, na hapo ndipo akili ilipoingia. Nilingoja mlio wa mti kuvunjika, haukuja. Lakini kila walipocheza niliungoja."

"Na kubadilisha?"

"Hakubadilisha mtu. Vita ikaja. Mie nikachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi mpaka nikaja kuachiwa hapa Dar es Salaam, na huko sikurudi. Mwenzangu Mfaume sijui alifia wapi. Nikasikia Waingereza wameigeuza hoteli kuwa hospitali, nikakosa raha. Kisha ikanunuliwa na Mgiriki wa mashamba ya katani, nikakosa raha. Bei ya katani ilipoanguka akaifunga, popo wakaingia. Siku niliyopata habari hiyo nilikwenda kanisani nikawasha mshumaa. Niliwahi kuungama kwa padri, akasema Mungu amenisamehe. Lakini padri hajui mti. Mti una miaka thelathini na saba sasa, Margareta, na wanataka kuucheza."

Margareta alikuwa anafikiria zile skrubu nane za kila kitanda. Mwishowe alisema, "Revelian anajua kuandika Kiingereza. Mwandikieni huyo Bwana."

Barua ikaandikwa siku ya pili, Revelian akiwa amekaa juu ya benchi la kazi, Albano akimtajia neno moja moja. Majibu yalifika baada ya wiki tatu. Yalikuwa ya adabu. Bwana Welisi, mwenye hoteli, alimshukuru fundi kwa wema wake, lakini alimtaka awe na amani. Injinia alikuwa ameikagua roshani mwezi wa sita, akaona mabolti yote kumi na mawili ni ya chuma, na hati ameitia sahihi.

Revelian alipomaliza kusoma alifurahi. "Basi mzee, mambo yamekwisha."

"Injinia alisimama wapi?" Albano akauliza.

"Haikuandikwa."

"Alisimama chini, akaona weusi. Rangi ile niliichanganya mwenyewe."

Akamaliza viti arobaini, kila kimoja na skrubu zake nyingi, na lori la kuvichukua lilipokuja alipanda nalo. Margareta alimfungia mihogo ya kuchemsha na blanketi. Dereva, Mwinjuma, hakuwa na shida na abiria, mradi asaidie kusukuma, na walisukuma sana maana mvua za vuli zilikwisha kuanza. Siku mbili walilala njiani, Morogoro na Korogwe. Siku ya tatu lori likaanza kupanda kutoka Mombo, kona baada ya kona, na hewa ikawa baridi mpaka Albano akajifunika lile blanketi mchana.

Hoteli ilikuwa imepakwa chokaa mpya. Bati la paa lilikuwa jipya, madirisha yana vioo, waridi zimepandwa njiani. Albano alitazama roshani tu. Ilikuwa imenyooka, na chini yake vichwa kumi na viwili vyeusi vimejipanga.

Bwana Welisi alikuwa mtu mrefu mwenye kuchechemea, aliyejifunza Kiswahili jeshini. Alimpokea vizuri mpaka aliposikia jina lake.

"Wewe ndiye wa barua? Nimekujibu. Injinia ameweka sahihi."

"Nimesomewa, Bwana. Injinia alipanda ngazi?"

Bwana Welisi akakunja uso. "Sijui kama alipanda."

"Basi nipe ngazi mie. Sitachukua nusu saa. Nikikuta chuma nitakuomba radhi mbele ya watu wako wote na nitashuka mlima leo hii."

Aliyeamua ni mke wa Bwana Welisi, aliyekuwa amesimama mlangoni akihesabu viti. Alisema neno moja kwa mumewe kwa Kiingereza, na ngazi ikaletwa.

Albano alipanda na patasi yake. Alianza na boriti zile tano zenye mabolti ya chuma alizozikumbuka, upande wa mashariki. Patasi ilikwangua, rangi ikatoka, chuma kikang'aa. Akahamia ya sita, kazi ya mkono wake mwenyewe. Alitaka kufumba macho. Akakwangua.

Chuma kikang'aa.

Alifikiri amekosea kuhesabu. Akashuka, akahesabu upya kutoka ukutani kwa kidole, akapanda tena. Ya sita, chuma. Ya saba, chuma. Ya nane, ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, kote chuma kinene, kimekazwa kwa nati za kweli. Hayakuwa yale mabolti ya Ulaya; haya yalikuwa mazito zaidi na vichwa vya pembe nne. Chini ya ngazi Bwana Welisi alikuwa ameanza kutabasamu. Albano alibaki juu ya ngazi, asijue kama aliyo nayo ni furaha au ni woga wa mtu anayeona mambo yasiyo na maelezo.

Ikabaki ya kumi na mbili, kwenye pembe iliyobanana na dohani la moshi wa jiko, mahali pa kuingiza mkono kwa shida. Aliusogeza mkono na patasi mpaka ikagusa, akakwangua. Patasi ikazama. Aliivuta, na kipande cha mti kikaja nayo, chepesi kama mkate mkavu.

Akashuka akakiweka kile kipande katika kiganja cha Bwana Welisi. Mkewe alisogea kutazama. Uso wake ulibadilika.

"Pembe ile ndiyo tuliyoweka bendi," alisema. "Kinanda kitakaa pale."

Mtunza bustani, aliyekuwa akitazama yote haya na jembe lake begani, akaingilia. "Bwana, mzee Mfaume alisema."

"Mfaume gani?" akauliza Albano.

"Mzee Mfaume, analima kabichi hapo chini mtoni. Walipoanza ukarabati alikuja kusema habari ya pembe hiyo. Msimamizi akamfukuza, akasema ni mlevi. Wala mzee yule hanywi, ni Mwislamu safi."

Aliitwa. Alikuja polepole akipanda njia ya waridi, mzee mwembamba mwenye kofia ya vito na koti la sufu, na Albano alimjua kwa jinsi alivyobeba bega moja juu. Mfaume naye alisimama hatua tano mbele yake akamkazia macho.

"Albano," alisema. "Nimekuombea Mungu kama maiti miaka thelathini."

"Nami nilikuombea hivyo hivyo."

Walishikana mikono wasiachiane. Wenye hoteli walisimama kando wakangoja, na Bwana Welisi mwenyewe alivua kofia, labda bila kujua kwa nini.

Mfaume akaeleza. Jeshi la Waingereza lilipoingia mwaka wa 1916 na hoteli ikawa hospitali, yeye alibaki pale kama mpishi wa uji. Kila asubuhi vitanda kumi na vinne vya wagonjwa vilitolewa roshani vipate jua. Alivumilia wiki moja. Wiki ya pili akaenda kwa sajini wa ghala akamwomba mabolti ya mabehewa yaliyovunjika, yaliyotupwa Mombo stesheni. Sajini alimcheka, lakini akampa ruhusa. Mfaume akawa anashuka Mombo kwa miguu siku yake ya mapumziko, anarudi na bolti moja mgongoni. Alitoboa, akang'oa kigingi, akaingiza chuma, akapaka rangi upya ili asiulizwe maswali. Bolti moja lilimla karibu mwezi.

"Boriti sita niliziweza," alisema. "Ya pembeni haikunipa nafasi ya kutoboa, dohani linazuia. Nikaweka nguzo chini yake, nguzo ya mkulo, nikaisimika juu ya jiwe. Imesimama miaka yote hiyo." Akageuka kutazama pembe. "Sasa nguzo yangu iko wapi?"

Bwana Welisi alijibu kwa sauti ya chini. "Niliamuru iondolewe. Nilidhani ni takataka. Iliharibu sura ya nyumba."

Kisha Bwana Welisi akaivaa kofia yake, akawaambia wazee wale wawili kwamba roshani ni mali yao mpaka watakapomrudishia wenyewe, na akatuma watu waizungushie kamba.

Zilibaki siku tisa. Waliifanya kazi ile katika siku sita. Hawakutaka kutia kiraka. Waliibomoa sehemu ya dohani, wakaitoa boriti nzima iliyooza, wakaweka mpya ya mkulo mkavu kutoka kiwanda cha mbao kilicho jirani. Kiwanda hicho hicho kiliwapa bolti nene kuliko yote. Albano alipima, Mfaume akashika, kama zamani, ila sasa kila walipopumzika walikaa wakizungumza. Mfaume alikuwa na wajukuu kumi na mmoja. Bwana Hofu alikwisha kufa kwa homa vitani, kabla vita havijaisha, na Albano aliposikia hivyo alijitafutia ile hasira aliyokuwa amemwekea, akaikosa.

"Mbona hukumwambia mtu?" alimwuliza Mfaume. "Ungepata sifa."

"Ningesemaje? Nimeweka bolti mahali ambapo kila mtu anajua pana bolti?"

Albano alicheka mpaka akalazimika kuweka nyundo chini. Baadaye, alipokuwa peke yake na boriti, alilia kidogo, kisha akaendelea kukaza nati.

Jumamosi ile ilifika na jua zuri baada ya mvua. Magari yalipanda tangu asubuhi kutoka Tanga na Lushoto, na baada ya chakula cha mchana bendi ikakaa pembeni, kinanda kikiwa nyuma yake. Bwana Welisi alikuwa amewapa wazee nafasi jikoni, sahani zao zimejaa. Walikula, halafu Albano akasimama akatoka nje, akazunguka mpaka chini ya roshani, akasimama chini ya boriti ya kumi na mbili. Mfaume alimfuata akasimama kando yake. Hawakuwa wamepanga hivyo.

Dansi ikaanza. Juu ya vichwa vyao watu tisini walikanyaga pamoja, mbao zikapokea, vumbi jembamba likashuka katika mwanga. Albano aliinua mkono akauweka kwenye boriti. Ilikuwa inatikisika kidogo, mtikisiko mzuri wa mti mzima unaobeba kazi yake. Akaitegea sikio boriti katika wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika wimbo wa nne aligundua kwamba anasikiliza muziki.

Akaanza kutafuta pa kukaa. Mfaume akamletea ndoo, akaigeuza, akamkalisha juu yake, naye akachuchumaa karibu.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimechoka tu. Nadhani nimechoka tangu mwaka wa kumi na mbili."

"Basi pumzika," akasema Mfaume. "Bado watacheza sana hawa."

Albano alirudi Buguruni wiki iliyofuata na lori lile lile la Mwinjuma. Alishukia barabarani asubuhi na kikapu cha mapeasi aliyopewa na mke wa Bwana Welisi, matunda ambayo hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kuyaona. Margareta alimwona kutoka uani, akamwangalia anavyotembea, akajua kabla hajauliza. Hata hivyo akauliza.

"Ilikuwaje?"

"Imesimama. Na Mfaume yu hai."

"Mshukuru Mungu. Kaa ule."

Alikula, akajilaza, akalala usingizi mpaka jioni, na Margareta akawazuia wateja mlangoni, hata yule aliyekuja na mlango wake kwenye mkokoteni. Alipoamka alikuta Revelian amefika na majirani wamekaa mkekani, kikapu kiko katikati. Mapeasi yalikuwa magumu, hayajaiva. Mmoja alisema ni mapera ya Wazungu. Mwingine alisema yapikwe na nazi. Margareta aliuma moja akatafuna kwa muda mrefu, watu wote wakingoja kauli yake.

"Ni matamu," alisema, "ila yanataka meno ya kijana."

Akamkatia mumewe kipande chembamba kwa kisu, akampa, naye akakipokea akahamia mkekani kukaa na watu.